Mtume, Mtumishi na Mtumwa: Uhakiki wa Wasifu wa Lloyd Mathews

Msomaji wa Dar es Salaam atokaye bandarini, akapita mbele ya Boma la Kale, akashika njia ya Mnazi Mmoja hata kufika sokoni Kariakoo, amepita katikati ya habari za mtu ambaye jina lake halitajwi na yeyote njiani. Mtu huyo ni Lloyd William Mathews, afisa wa manowari za Uingereza aliyekuwa jemadari wa Seyyid wa Unguja, kisha waziri wake wa kwanza. Boma lile lilijengwa katika miaka ya 1860, zama za Seyyid Majid bin Said, mji ulipokuwa milki ya Unguja. Mji ukatoka katika milki hiyo Mathews alipokuwa jemadari. Na katika mji huu huu akaishi, kwa muda wa miaka ipatayo 20, mtu ambaye Mathews alisaidia kumwondoa katika jumba la ufalme. Kwa hiyo maisha ya Mathews si habari ya ng'ambo kwa watu wa Dar es Salaam. Ni habari yao wenyewe, ila imeandikwa na wengine kwa lugha nyingine.

Aliyeiandika kwa urefu ni Robert Nunez Lyne, ambaye aliwahi kuitumikia serikali ya Unguja katika kazi ya kilimo, na ambaye mwaka wa 1905 alikuwa amekwisha kutoa kitabu juu ya Unguja ya wakati wake. Mwaka wa 1936, miaka 35 baada ya Mathews kufariki, Lyne alitoa mjini London wasifu wake kwa Kiingereza, akaupa jina ambalo kwa Kiswahili laweza kufasiriwa kuwa "Mtume wa Dola". Jina la kitabu ni hukumu ya kwanza ya mwandishi juu ya mtu wake; msomaji hupewa hukumu hiyo kabla hajafunua ukurasa. Yafaa basi hukumu hiyo ipimwe, na kipimo kinachofaa kimo ndani ya Kiswahili chenyewe.

Neno mtume limetokana na kitendo cha kutuma. Katika mzizi huo huo yamechipuka maneno mtumishi na mtumwa. Aliyetumwa na neno tukufu ni mtume. Atumikaye kwa mshahara na mapatano ni mtumishi. Atumishwaye pasipo hiari wala ujira ni mtumwa. Maneno haya matatu ni ndugu wa tumbo moja, lakini hayakai daraja moja. Kila moja lauliza swali lile lile: nani amemtuma nani? Kumwita mtu mtume ni kudai kwamba aliyemtuma alikuwa mmoja, kwamba ujumbe wake ulikuwa wazi, na kwamba mwenyewe aliuamini. Katika maisha ya Mathews madai haya yote matatu yana shaka, na shaka hiyo ndiyo kiini cha maisha yake. Wasifu uanzao kwa kuifuta shaka hiyo umemficha mtu wake badala ya kumwonyesha.

Mathews alizaliwa Funchal, katika kisiwa cha Madeira, mwaka wa 1850, akaingia katika jeshi la bahari la Uingereza angali kijana mdogo. Alipigana katika vita vya Waashanti, Afrika ya Magharibi, mwaka wa 1873 na 1874. Baadaye aliletwa Unguja katika manowari London, chombo kilichotia nanga pale ili kuwinda majahazi yaliyochukua watumwa. Cheo chake kilikuwa uluteni. Si cheo kikubwa katika daftari la manowari. Lakini katika bahari hii ya Hindi afisa wa manowari hakuwa kamwe baharia mtupu.

Jambo hili lina historia yake. Mwaka wa 1822 Nahodha Fairfax Moresby wa manowari Menai alipatana na Seyyid Said juu ya kuuza watumwa kwa mataifa ya Kikristo, akapiga mstari baharini kutoka Rasi Delgado kuelekea pwani ya Bara Hindi. Mwaka wa 1824 Nahodha William Owen wa manowari Leven aliingia Mombasa, akawakubalia Wamazrui waliotaka himaya ya Waingereza, akamwacha pale luteni wake, John James Reitz, awe mkuu wa mji. Reitz alifariki mwaka ule ule, na jina lake lingali katika hori la Port Reitz; himaya yenyewe ilikataliwa na serikali ya Owen na kufungwa mwaka wa 1826. Watu hawa hawakuwa mabalozi kwa cheo. Walikuwa manahodha waliobeba karatasi mkono mmoja na mizinga mkono wa pili. Karatasi ilisomwa kwa adabu kwa sababu mizinga ilikuwa karibu. Katika shule hiyo ndimo alimokulia Mathews, na hapana uhakiki wa maisha yake uwezao kuwa wa haki ukisahau shule hiyo.

Mwaka wa 1873 Seyyid Barghash bin Said alilazimishwa kutia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja, huku akitishwa kwamba kisiwa chake kitazingirwa na manowari. Baada ya hapo alijua mambo mawili: kwamba hana nguvu za kuwapinga Waingereza, na kwamba bila jeshi lake mwenyewe hatawatiisha hata watu wake wa bara. Mwaka wa 1877 Luteni Mathews aliazimwa kutoka manowari London ili amtengenezee Seyyid jeshi lenye mafunzo ya Kizungu. Alianza na askari wapatao 300, na serikali ya Uingereza ikatoa zawadi ya bunduki 500. Fedha ya mishahara ilikuwa ya Seyyid, bunduki zilikuwa za Malkia, na afisa alikuwa wa manowari ya Malkia anayekula mshahara wa Seyyid. Tangu siku ya kwanza jeshi lile lilikuwa na wazazi wawili.

Mwaka wa 1881 Mathews aliacha kazi ya manowari, akabaki na Seyyid. Msomaji wa haraka aweza kudhani kwamba hapo mambo yalinyooka: baharia amekuwa mtumishi wa Unguja, basi. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo jambo moja lilitokea linaloonyesha mambo yalivyokuwa. Nahodha Charles Brownrigg, mkuu wa manowari London, aliuawa karibu na Pemba alipolikaribia jahazi lililopeperusha bendera ya Ufaransa na lililokuwa limebeba watumwa. Mathews alikwenda Pemba na askari wa Seyyid, akamtafuta mwenye jahazi, Hindi bin Hattam, hata akamkamata. Naye akafa kwa majeraha. Katika safari ile Seyyid na Malkia walikuwa na nia moja. Kwa hiyo swali la nani aliyemtuma halikuwa na uzito. Mtumishi wa mabwana wawili hana taabu maadamu mabwana hao wanatazama upande mmoja. Taabu huanza wanapogeuziana visogo, na siku hiyo ilikuja Pangani.

Mwezi wa Aprili, 1888, Seyyid Khalifa bin Said aliikabidhi Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki utawala wa Mrima kwa muda wa miaka 50. Mwezi wa Agosti watumishi wa Kampuni waliingia mijini kushika kazi. Pangani aliletwa Emil von Zelewski, ambaye watu walimwita Nyundo. Yeye aligombana na wali juu ya bendera, akaleta askari wa manowari mjini, na msikiti wenyewe haukusalimika na miguu yao. Watu wa Pangani wakainuka, wakawazuia Wajerumani katika nyumba yao. Seyyid akampeleka Mathews na askari wake.

Hapa ndipo mahali pa kumpima Mathews kuwa balozi. Kwanza ni lazima apewe haki yake. Aliwatoa Wajerumani wale wakiwa hai na kuwapakia chomboni. Kufanya hivyo katikati ya mji wenye hasira kulitaka moyo mgumu na ulimi laini, na pengine hakuna afisa mwingine wa wakati ule ambaye angeweza. Lakini baada ya chombo kuondoka watu wa Pangani walitaka neno moja tu: je, Wajerumani watarudi? Neno hilo Mathews hakuwa nalo. Kama mtumishi wa Seyyid hakuweza kuukana mkataba uliokwisha kutiwa sahihi na Seyyid. Kama Mwingereza hakuweza kutoa ahadi ambayo London isingeitimiza. Alisimama mbele ya watu akiwa na heshima, na askari, na jina, lakini hana ujumbe. Katika mwezi ule ule akalazimika kuondoka, maisha yake yakiwa hatarini, na uongozi wa mambo ukapita kwa Bushiri bin Salim al-Harthi. Vita vilivyofuata vilienea pwani nzima, Dar es Salaam ikiwamo, na Bushiri akanyongwa Pangani mwezi wa Desemba, 1889.

Vita hivyo vina kitabu chake kwa Kiswahili. Hemedi bin Abdallah al-Buhry, mtu wa Mrima, alivitungia Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, ambao J. W. T. Allen aliutoa kwa chapa katika mwaka wa 1955. Mwanafunzi wa fasihi akiuweka utenzi huo kando ya wasifu wa Kiingereza hupata funzo ambalo haliwezi kupatikana katika kitabu kimoja peke yake. Wasifu humfuata mtu mmoja. Mtu huyo akiingia mjini, mji huanza kuwapo. Akitoka, mji huzimika kama taa. Pangani ya wasifu hudumu kwa siku zile chache tu ambazo afisa alikuwa pale. Utenzi wa vita huenda kinyume: mji ulikuwapo kabla ya mgeni, na utabaki baada yake, wageni na majemadari huja na kupita kama mawimbi, na jambo linaloshika shairi zima ni hali ya watu wa pwani walioamka wakakuta nchi yao imetolewa kwa sahihi. Hii si kusema kwamba utenzi ndio ukweli na wasifu ni uwongo. Utenzi nao una upande wake. Lakini ni utenzi unaoweza kueleza kwa nini maneno ya Mathews hayakusikilizwa Pangani. Wasifu waweza tu kueleza kwamba hayakusikilizwa.

Mwaka wa 1890 mabwana wakubwa walimaliza shauri lao wenyewe. Kwa mkataba wa Julai mosi Waingereza na Wajerumani waligawana pande zao. Mrima ikauzwa kwa Wajerumani kwa marki milioni 4, na mwezi wa Novemba Unguja na Pemba zikawekwa chini ya himaya ya Uingereza. Mwaka uliofuata Wajerumani walihamisha makao yao makuu kutoka Bagamoyo kuja Dar es Salaam. Katika miezi michache Seyyid ambaye Mathews alikula mshahara wake alipoteza nchi ya bara na uhuru wa visiwa.

Katika mwaka huo wa 1891 Mathews aliteuliwa kuwa Balozi Mkuu wa Uingereza katika Afrika ya Mashariki. Hakuichukua kazi hiyo. Badala yake, Gerald Portal alipoitengeneza upya serikali ya Seyyid Ali bin Said, Mathews alikubali kuwa Waziri wa Kwanza wa Unguja. Mtu amtakiaye mema atasema: tazameni, alipopewa nafasi ya kuchagua aliichagua Unguja. Neno hilo lina ukweli ndani yake. Aliipenda nchi, aliwajua watu wake, na hakuiacha hata akafa. Lakini masharti ya uwaziri ule ni lazima yasomwe pamoja na uchaguzi wake. Seyyid hakuwa na uwezo wa kumwondoa waziri wake pasipo ridhaa ya Waingereza, na waziri alijibu kwa Balozi Mkuu wa Uingereza. Kwa hiyo aliukataa ubalozi kwa jina akaupokea kwa kazi. Mtumishi ambaye bwana wake hawezi kumfukuza si mtumishi tena. Manahodha wengi chombo huenda mrama, wasema watu wa pwani. Katika chombo hiki manahodha walionekana wawili, lakini usukani ulikuwa mikononi mwa mmoja.

Tarehe 25 Agosti, 1896, Seyyid Hamad bin Thuwaini alifariki ghafula. Khalid bin Barghash, mtoto wa Seyyid yule yule aliyemwajiri Mathews katika mwaka wa 1877, aliingia jumbani na kujitangaza kuwa mrithi pasipo idhini ya Waingereza. Asubuhi ya tarehe 27, saa tatu ilipofika na muda aliopewa ulipokwisha, manowari za Amirali Harry Rawson zilipiga jumba kwa mizinga. Kwa muda usiopata saa moja kazi ilikuwa imekwisha. Watu wapatao 500 wa upande wa jumba waliuawa au kujeruhiwa. Miongoni mwa waliokusanyika mle walikuwa raia, askari wa jumba, watumishi na watumwa. Upande wa pili baharia mmoja alijeruhiwa. Chombo cha Seyyid kilichoitwa Glasgow kikazama bandarini. Siku ile askari wapatao 900 wa jeshi la Unguja walikuwa upande wa manowari, chini ya Mathews na Luteni Arthur Raikes.

Hapo swali la mzizi wa neno hupata jibu lake lililo wazi kuliko yote. Jeshi lililoanzishwa na Barghash ili kumpa nguvu Seyyid lilisimama dhidi ya mtoto wa Barghash, chini ya mtu aliyeajiriwa na Barghash. Sheria ya himaya ilikuwa upande wa Mathews, kwa kuwa Khalid hakuwa na idhini. Lakini wasifu si hukumu ya mahakama. Wasifu hutakiwa kuuliza mtu aliona nini alipotazama jumba likiungua, yeye aliyeingia jumbani mle kwa hiari ya mwenyewe miaka 19 nyuma. Jina "Mtume wa Dola" halina nafasi ya swali hilo. Mtume hana majuto, kwa kuwa hakuwahi kuwa na bwana wa pili. Kwa kumpa Mathews utukufu huo, Lyne amemnyima jambo moja lililo la kibinadamu, nalo ni uzito wa kuvunja ahadi. Afisa huyo angekuwa mkubwa zaidi katika kitabu kilichomkubali kuwa mtumishi aliyefika njia panda.

Ni wajibu pia kumzuia msomaji asikimbilie upande wa pili. Asiyemtukuza Mathews asiharakishe kumtukuza Khalid. Mzozo wa mwaka ule ulikuwa baina ya dola iliyotaka kumchagua mfalme na mwana wa mfalme aliyetaka kiti cha baba yake. Watumwa waliokuwa ndani ya jumba hawakuulizwa waliko, wala na upande mmoja wala na upande wa pili. Mwezi wa Aprili, 1897, chini ya Seyyid Hamoud bin Mohammed na waziri wake Mathews, ilitoka amri iliyofuta hali ya utumwa mbele ya sheria. Hili ni jambo kubwa, nalo laandikwa katika hesabu ya Mathews kwa haki. Hata hivyo amri yenyewe yafaa isomwe neno kwa neno kama isomwavyo kazi ya fasihi, kwa kuwa ndani yake mna picha ya nani alihesabiwa kuwa mtu. Mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake. Bwana aliyempoteza mtumwa aliweza kulipwa fidia. Mtumwa aliyepoteza miaka yake hakulipwa. Masuria waliachwa nje ya amri, hata mwaka wa 1909. Manowari zilizowinda majahazi kwa miaka mingi zilikuwa zimefika nchi kavu, na hapo mwendo wao ukapungua.

Katika uwaziri huo huo wa Mathews, Fumba, upande wa kusini wa Unguja, alikuwa akikua mtoto wa kike wa watu maskini. Alizaliwa yapata mwaka wa 1880, na baadaye alijulikana kwa jina la Siti binti Saad, mwimbaji mkuu wa taarab. Shaaban Robert alimwandikia wasifu kwa Kiswahili. Si mara nyingi wasifu mbili za kisiwa kimoja na zama moja zinaposimama mbali namna hii. Mmoja ni wa mtu aliyekuwa na cheo tangu ujana, na kitabu chake kilijaa vyeo hivyo: luteni, jemadari, waziri, na nishani ya mwaka wa 1894 iliyompa jina la Sir. Wa pili ni wa mtu asiyekuwa na cheo chochote, ambaye mwandishi wake ilimbidi atafute ukubwa mahali pengine, katika sauti, kazi na mwenendo. Shaaban Robert hakuweza kuegemea daftari la serikali. Umaskini huo wa nyaraka ukawa utajiri wa kitabu, kwa kuwa mwandishi alilazimika kuuliza thamani ya mtu ni nini. Lyne hakulazimika. Vyeo vilimjibu kabla hajauliza.

Tippu Tip naye, aliyefariki Unguja mwaka wa 1905, alisimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, na habari zake zikatolewa tena mwishoni mwa miaka ya 1950 pamoja na tafsiri ya W. H. Whiteley. Mtu aweza kuyachukia mengi aliyoyatenda Tippu Tip, lakini katika kitabu chake anasema kwa kinywa chake, na msomaji humpima kwa maneno yake. Katika safu hii ya vitabu vya Kiswahili, Mathews, aliyeishi Unguja miaka zaidi ya 20, anakosekana. Mwanafunzi wa leo anayetaka kumjua ni lazima apitie mlango wa Kiingereza, na juu ya mlango huo imeandikwa hukumu.

Hapo ndipo Dar es Salaam inaporudi katika shauri. Khalid alikimbilia nyumba ya ubalozi wa Kijerumani mjini Unguja. Tarehe 2 Oktoba, 1896, maji yalipojaa, alipakiwa kwa mashua kutoka ubalozini hadi katika manowari ya Kijerumani Seeadler, akaletwa Dar es Salaam. Aliishi katika mji huu hata Waingereza walipomkamata mwaka wa 1916. Wakampeleka uhamishoni Seychelles na Saint Helena, kisha wakamruhusu kurudi Afrika ya Mashariki, naye akafariki Mombasa mwaka wa 1927. Miaka 20 ya maisha ya Khalid Dar es Salaam ni sehemu ya wasifu wa Mathews, kama vile deni lilivyo sehemu ya hesabu ya mfanya biashara hata akilificha chini ya daftari. Kazi ya Waziri wa Kwanza haikwisha jumbani Unguja. Ilivuka maji, ikakaa katika mji aliojenga Majid, na ambao Mathews hakuweza kumhifadhia Seyyid.

Mathews mwenyewe alifariki kwa homa ya malaria tarehe 11 Oktoba, 1901, akazikwa Unguja. Hakuishi kuona vita vya mwaka wa 1914, ambapo manowari zilirudi kuzungumza pwani hii. Waingereza walipoushika mji wa Dar es Salaam, Septemba, 1916, upande wa nyuma wa mji uliwekwa kambi ya wapagazi wa jeshi. Kikosi hicho kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, na ndimi za watu zikakifanya Kariakoo. Wapagazi makumi ya maelfu walikufa katika vita vile, na wengi waliuawa na maradhi na njaa kuliko risasi. Hao nao walikuwa wametumwa, na wengi wao hawakuulizwa kama wataka kwenda. Hapana aliyewaandikia wasifu mmoja mmoja. Wasifu wao wote umekusanywa katika neno moja la jina la mtaa, ambalo kila siku hutamkwa na maelfu wanaonunua na kuuza katika Mtaa wa Kongo na Mtaa wa Msimbazi, bila kuwaza kwamba wanataja jeshi.

Kwa hiyo katika njia fupi itokayo bandarini hadi Kariakoo maneno matatu ya mzizi mmoja yamekutana. Pana Boma la Seyyid aliyekosa mtumishi wa kumhifadhia mji. Pana mji wa uhamisho wa mwana wa mfalme aliyeshindwa na mtumishi wa baba yake. Pana soko lenye jina la waliotumwa bila hiari. Yule anayeitwa mtume hana alama hapa, na hilo si dhulma. Ni dalili kwamba kumbukumbu ya watu imemhukumu kwa namna yake: imehifadhi matokeo ya kazi yake na kuacha cheo chake.

Hukumu juu ya kitabu cha Lyne yaweza basi kusemwa kwa maneno machache. Kitabu hicho kitahitajiwa daima na mtafiti, kwa kuwa kiliandikwa na mtu aliyeijua serikali ile kwa ndani. Lakini jina lake lina kosa, na kosa hilo limeingia katika mwili wa kazi. Mathews hakuwa mtume. Alikuwa mtumishi hodari, mwenye moyo na subira, aliyepokea mshahara kwa bwana mmoja na amri kwa bwana wa pili, na ambaye kwa muda mrefu aliweza kuamini kwamba mabwana hao ni mmoja. Pangani ilimwonyesha mwaka wa 1888 kwamba sivyo. Jumba la Unguja lilimlazimisha achague mwaka wa 1896, naye akachagua. Wasifu wake kwa Kiswahili ungali haujaandikwa. Atakayeuandika na asiutafute mwanzo wake katika daftari la vyeo. Na aanze Pangani, mbele ya watu waliouliza swali moja, na afisa aliyenyamaza kwa sababu hakupewa jibu la kuleta.